Hakuna Kiwanda cha Baridi

Maarika alikuja Jumanne na kisanduku cheupe na ngazi,
akatoboa ukuta alioujenga baba yangu
tundu la kupitisha ngumi.
"Hiki," akasema, "kitachota joto huko nje."

Huko nje?
Nikamwonyesha kipimajoto cha dirishani:
nyuzi kumi na tatu chini ya sifuri,
theluji imeumeza uzio, imebakiza ncha.
Binti, miaka sabini na minane naishi hapa Võru,
sijaona mtu akipakua uji kwenye chungu kitupu.

Hakucheka.
Alinishika mkono hadi jikoni, nyuma ya friji,
akanibandika kiganja kwenye nyaya za mgongoni mwake,
penye vumbi na manyoya ya paka.
Vuguvugu.

"Hilo ni joto la maziwa yako," akasema,
"la siagi, la samaki uliyemweka jana.
Friji haitengenezi baridi, Endel.
Hakuna kiwanda cha baridi popote.
Kuna joto, na kuna kulihamisha."

Akaeleza, bisibisi ikiwa mdomoni:
ndani ya bomba inapita gesi
iliyo baridi kuliko theluji yenyewe;
kwa fukara wa namna hiyo
hata upepo wa Januari una cha kumpa.
Ikishakusanya vijisenti vyake inaingia kwenye kompresa,
inabanwa, inabanwa, mpaka inachemka kwa hasira.
"Hujawahi kujaza baiskeli upepo?
Pampu haikukuunguza vidole?"
Iliniunguza. Mwaka wa hamsini na tisa, njia ya shuleni.
Nilidhani ni jasho langu.

Kisha akawasha kiberiti, akakipitisha kando ya dirisha.
Ule mwali ukainama kama anayesujudu.
"Unaona? Unawapasha joto kunguru.
Ziba kwanza, ndipo uwashe."
Na mengine, akiwa anavaa buti:
chujio lioshwe kila mwezi,
pazia lisikae mbele ya mdomo wa mashine,
rimoti ibaki ishirini na moja, basi.
Kupandisha hadi thelathini hakuharakishi kitu,
ni kubonyeza mara kumi kitufe cha lifti.
Julai mkondo utageuzwa,
joto la chumbani litatupwa uani kwenye kabichi.

Usiku wa nne, saa tisa, nikaona moshi.
Kile kisanduku cha nje kilikuwa kinafuka wingu zima,
feni imesimama, kitu kinatiririka gizani.
Nikampigia simu nikiwa na ndoo mkononi.
Akapiga miayo mirefu. "Ni mvuke, Endel.
Kimeota barafu, sasa kinajiyeyusha.
Kimeazima joto kidogo nyumbani mwako.
Dakika tano kitarudisha. Kalale."

Sikulala.
Nilikaa kitandani, ndoo miguuni, nikahesabu.
Dakika sita, si tano.
Nikamkumbuka Helju,
alivyokuwa akiingia kitandani mwisho, ameshazima taa,
na kunibandika nyayo zake kwenye ndama za miguu
mithili ya samaki wawili waliotoka ziwani.
Miaka arobaini na moja nikipiga kelele:
mwanamke, unanitia baridi!
Kumbe hakunitia kitu.
Joto langu ndilo lililokuwa likihama,
kutoka lilipokuwa kwenda lisipokuwa,
na mimi nikinung'unika kama niliyeibiwa.

Feni ikaanza tena kuzunguka.

Jiko la vigae bado liko pembeni.
Maarika anasema halina kazi, nami sibishani,
hesabu ya umeme nimeiona.
Ila Ijumaa naliwasha, magogo matatu ya mbetula,
na paka, ambaye hakuhudhuria somo lolote,
anapanda juu yake,
anajinyoosha palepale penye joto.